Sina muda wa jimu, nifanyeje? Jibu kwa Mama wa Watatu wa Likoni

Swali lilikuwa refu, nimelifupisha:

"Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 47, naishi Likoni, kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini, hapo Moi Avenue, ghorofa ya tatu. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi karibu saa moja usiku, kisha kuna kupika na kusimamia watoto. Mwezi uliopita palikuwa na upimaji wa bure msikitini. Presha ilikuwa 138 kwa 88, na sukari kabla ya kula 6.4. Nikaambiwa nifanye mazoezi, basi. Jimu siwezi, muda sina, na kukimbia mtaani kwetu na buibui langu siwezi pia. Goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi. Na kusema kweli mimi sikai: nikifika nyumbani ni kusimama mpaka nilale. Je, kazi za nyumbani hazihesabiki? Ni lazima hatua elfu kumi? Na mume wangu anataka kuninunulia mashine ya kukimbilia, nikubali?" – Mama wa Watatu, Likoni.

Waalaikumu salaam, dada yangu. Kabla sijaenda mbali: mimi si daktari, ni mtaalamu wa tibamaungo, fizio kama tunavyoitwa hospitalini. Dawa siandiki. Kazi yangu ni viungo, misuli na mwendo, na swali lako ni la mwendo, kwa hivyo umefika penyewe.

Tuanze na hizo nambari, maana naona zimekutia hofu na hukuelezwa. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0, na ikarudiwa kupimwa ikawa hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba imepanda kuanzia 6.1. Wewe uko katikati. Presha nayo huitwa presha ya juu ikifika 140 kwa 90, nawe uko chini yake kidogo. Kipimo kimoja cha mstari wa foleni msikitini hakitoshi kumhukumu mtu, kwa hivyo nenda kapime tena kituo cha afya, ukiwa umetulia na hukunywa chai. Lakini tuseme nambari zitabaki hapo hapo. Basi uko mahali ambapo mwendo una faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Marekani walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kisukari. Waliopewa kazi ya kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kidogo walipata kisukari pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, pungufu kwa asilimia 31. Kutembea na kupunguza sahani kulishinda kidonge.

Sasa hili la kwamba hukai. Nakuamini kwa upande wa nyumbani, lakini tuipitie siku yako nzima, kama ulivyoieleza kwenye barua. Nyumbani hadi feri, matatu. Feri hadi ofisini, tuktuk. Kupanda ofisini, lifti. Halafu kiti, tangu saa mbili hadi saa kumi na moja, ukitoa chakula cha mchana na swala. Jioni ni yale yale kinyumenyume. Ukifika nyumbani ndipo unaposimama, na jiko la Likoni mwezi wa pili linajulikana lilivyo. Ukilala unajihisi umeshinda ukibeba magunia. Uchovu huo ni wa kweli, sikatai. Lakini ni uchovu wa joto, wa kusimama mahali pamoja na wa kichwa kujaa mambo. Moyo wenyewe haukupata kazi.

Kipimo tunachotumia hakihitaji saa wala simu. Ukiwa katika shughuli, jaribu kuzungumza, kisha jaribu kuimba. Ukiweza kuimba beti mbili za taarabu bila pumzi kukatika, hiyo ni shughuli nyepesi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, hiyo ni ya wastani na inahesabika. Ukitoa maneno mawili matatu kisha inabidi uvute pumzi, hiyo ni ya nguvu, na dakika yake moja ni sawa na mbili za wastani. Kwa kipimo hicho, kukaanga mahamri, kukunja nguo na kuosha vyombo ni shughuli nyepesi. Kukuna nazi pia, hata kama mkono unawaka: umekaa juu ya mbuzi, mkono mmoja ndio unaofanya kazi. Bali kufua beseni zima kwa mkono, kusugua sakafu hadi uvunguni mwa kitanda, kupandisha maji ghorofani siku ambazo bomba limekauka, hizo zinahesabika, na usikubali mtu akwambie vingine.

Tena zinahesabika hata zikiwa fupi. Zamani sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia watu kwamba mwendo usiofika dakika kumi mfululizo ni bure. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti hilo. Lililobaki ni jumla: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo zikiwa za nguvu, na angalau siku mbili za kuipa misuli mzigo. Dakika tatu hapa, saba pale, zote zinaingia kwenye hesabu moja.

Nitakupa kisa cha London, kwa sababu wewe kila siku unapanda matatu. Daktari mmoja, Jeremy Morris, aliwatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya huko, na mwaka 1953 akachapisha alichokiona. Madereva na makondakta walikuwa watu wa hali moja na wa mitaa ile ile. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba dereva anashinda amekaa, na kondakta anashinda akipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi, na yalipowapata makondakta, kwa kawaida yalikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi na hayakuua upesi vile. Makondakta hawakuwa jimu, walikuwa kazini tu. (Usije ukadhani nakusifia maisha ya makanga wetu, moshi, miraa na kuning'inia mlangoni vina hesabu yao nyingine.) Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, na hadi uzeeni aliendelea na mazoezi yake.

Ndiyo maana sitakutafutia saa nyingine katika siku yako. Mwendo unaouhitaji ulikuwamo tayari kwenye njia yako ya kazini, ila unamlipa mtu wa tuktuk auondoe.

Tazama kipande cha kutoka feri upande wa kisiwani, kupandia Nyerere Avenue hadi Moi Avenue. Ni kama kilomita mbili. Kwa mwendo wa mtu anayewahi kazi, si wa matembezi ya Idi, ni dakika 24 au 25. Asubuhi kipande hicho hakina jua kali, barabara ina watu, na kwenye foleni ya magari utaipita tuktuk yenyewe mara kadhaa. Ukikitembea kila asubuhi ya kazi, hizo ni karibu dakika 120 kwa wiki. Ukiongeza jioni mbili tu kati ya tano, umefika 168 na umeshavuka kiwango, na bado hujaamka mapema kwa zaidi ya robo saa. Jumamosi sijaihesabu.

Usianze na yote. Nawaona watu wanaoanza na yote: wiki ya kwanza moto, wiki ya pili goti, wiki ya tatu hawapo. Wewe una goti tayari. Wiki mbili za kwanza anza na jioni, si asubuhi, kwa sababu jioni ukitoka jasho hakuna wa kukutazama, na barabara kuelekea feri inateremka. Tembea jioni tatu. Wiki ya tatu ongeza asubuhi moja, kisha nyingine, hadi uzoee. Jioni ondoka ofisini moja kwa moja ili uwe ng'ambo kabla ya giza, maana jua letu likitua halingoji mtu. Simu iwe ndani ya mkoba, mkoba uwe mbele. Msongamano wa pale feri unaujua kuliko mimi.

Na hapo feri penyewe pana zawadi ambayo watu wa Nyali hawana: ule mteremko. Unaposhuka chomboni kila mtu anaupanda, na maji yakiwa yamepwa unakuwa mrefu zaidi. Wengi huupanda polepole, wakisukumwa na umati. Wewe, umati ukishafunguka kidogo, upande kwa nguvu: mikono iende, hatua fupi fupi za haraka, mpaka juu kabisa, mpaka pumzi ikukatike kidogo. Ni kama dakika moja. Mwaka 2022 palichapishwa uchunguzi wa watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza waliosema hawafanyi mazoezi wala michezo yoyote. Walivalishwa vifaa mkononi vya kupima mwendo. Waliokuwa na vipindi vitatu hivi kwa siku vya kujikaza kwa dakika moja au mbili, kwa kupanda kilima au kukimbilia basi, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiasi kilichokaribia nusu ya wale ambao hawakuwa navyo kabisa. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kujikaza ndiko kulikowaokoa, kwa sababu mtu mgonjwa hawezi kujikaza hata akitaka. Lakini unakubaliana na mengine tunayoyajua, na gharama yake kwako ni dakika moja ya mteremko unaoupanda hata hivyo.

Ukiwa unangoja chombo, badala ya kutafuta pa kuegemea, simama na unyanyue visigino: panda juu ya vidole, hesabu mbili, shuka taratibu hadi hesabu ya tatu. Mara 15, pumzika, mara 15 tena. Chini ya buibui hakuna anayejua unafanya nini. Msuli wa nyuma ya muundi ndio unaosukuma damu ya miguuni irudi juu, na kwa mtu anayeshinda kitini, ile miguu ya kuvimba jioni hupungua.

Ofisini sina mengi, kwa sababu ofisi za mizigo nazijua; simu hazikomi. Mambo mawili tu. Simu ikilia, simama, uzungumze umesimama, ukiweza zunguka meza. Na karatasi za kutiwa saini zisikusanywe zote mpaka saa kumi. Zipeleke moja moja. Swala sitaiingiza kwenye hesabu, kwani nia ya swala ni swala, lakini hakuna anayekukataza kwenda kutawadhia ghorofa ya chini.

Cha mchana nakiwekea mkazo, kwa ajili ya hiyo 6.4. Msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini, ile homoni ya kongosho inayoiingiza sukari kwenye misuli. Sukari ya damu hupanda zaidi ndani ya saa moja hivi baada ya kula, hasa ukiwa umekula wali. Ukila ukarudi kitini, ile sukari inabaki inazunguka na kongosho lako ndilo linalobebeshwa mzigo wote. Ukitembea dakika 10 au 15, miguu inakula sehemu yake. Mwaka 2013 Wamarekani walijaribu hili kwa watu 10 tu waliovuka miaka 60, kwa hivyo si utafiti mkubwa, lakini matokeo yake yamenikaa: kutembea dakika 15 baada ya kila mlo kuliishusha sukari ya siku nzima sawa na kutembea dakika 45 kwa mkupuo mmoja asubuhi, na kwa sukari ya baada ya chakula cha jioni, dakika 15 za baada ya chajio ndizo zilizofaa zaidi. Kwako ina maana hii: ukimaliza kula mchana, nenda hadi Pembe za Ndovu, pita Uhuru Gardens penye kivuli, urudi. Usiku baada ya chajio, vyombo waachie watoto – una watatu, na mikono wanayo – kisha toka na mume wako, au zunguka uani, dakika kumi. Huyo mume anayetaka kununua mashine aanze kwa kukusindikiza.

Tuje kwenye goti na ngazi, maana hapa ndipo watu wengi hukimbia kile hasa wanachokihitaji. Goti la miaka 47 linalouma kwenye ngazi, lisilovimba, lisilokwama na lisilomwangusha mtu, mara nyingi linalalamika kwa sababu misuli ya paja imelegea na mzigo wote umeangukia kwenye kiungo. Ukilipumzisha, paja linazidi kulegea. Dawa yake ni kulipa paja nguvu, polepole.

Chukua kiti cha plastiki, kile cha kawaida, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa mbele ya kiti, si ndani kabisa. Nyayo ziwe chini zote mbili, upana wa mabega, visigino nyuma ya magoti kidogo. Kunja mikono kifuani kama uliyeshikwa na baridi. Sasa inama mbele mpaka pua ivuke magoti. Watu husahau hapa, wanajaribu kunyanyuka wima kama mnazi na ndipo goti linapopiga kelele. Ukishainama, sukuma ardhi kwa visigino, toa pumzi, simama hadi mwisho. Kisha shuka, na kushuka ndiko kwenye kazi: hesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse kiti bila kuanguka. Tazama magoti yasikutane ndani. Yaelekee kidole cha pili cha mguu. Mara nane. Pumzika dakika. Mara nane tena. Ikikushinda mwanzoni, weka mto juu ya kiti, au sukuma mapaja kwa mikono. Ikiwa rahisi, baada ya wiki tatu nne, shika jerikeni ya lita tano kifuani, hiyo ni kilo tano. Fanya mara tatu kwa wiki, wakati maharagwe yanachemka. Jikoni pia, simama mbali na ukuta kwa urefu wa mkono, viganja ukutani, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, sukuma urudi, mara kumi. Kwa viwili hivyo zile siku mbili za misuli zimeshapatikana.

Maumivu kidogo wakati wa kufanya si haramu. Kanuni yetu ni kwamba ukiyapa alama kati ya sifuri na kumi, yasipite nne, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalikokuwa. Yakizidi hapo, punguza idadi, usiache. Goti likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla ukiwa unatembea, hapo njoo kwa fizio au kwa daktari, usiendelee kusoma majibu ya magazetini.

Kuhusu ngazi za ofisini, zipande, lakini kushuka tumia lifti kwa sasa. Wengi wanafanya kinyume. Kushuka ndiko kunakolibebesha goti mzigo zaidi, ijapokuwa pumzi haikatiki. Mguu usiouma utangulie kupanda, na mwanzoni panda ghorofa moja kwa miguu, zilizobaki kwa lifti. Ukipandisha maji nyumbani, jerikeni mbili za lita kumi, moja kila mkono, ni salama kwa kiuno kuliko moja ya 20 inayokupinda upande.

Joto. Sisi tuna kaskazi, na kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Mombasa ni nzito; jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mtu aliyezoea Nairobi akija kutembea hapa saa saba mchana anaweza kuanguka. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto, na hii ni sababu nyingine ya kuanza kidogo kidogo. Kunywa maji kabla hujatoka na ukifika. Chumvi usiongeze, kwa presha yako haifai. Buibui si kikwazo, ila chagua la kitambaa chepesi, pana kwenye hatua, na pindo lisiburure, kwa sababu wanawake niliowatibu kwa kukanyaga pindo kwenye ngazi si wachache. Miguuni vaa raba, viatu rasmi viache kwenye droo ya ofisi. Kandambili kwa kilomita mbili hapana. Mguu unashinda ukikishikilia kiatu kwa vidole, na mtu mwenye sukari inayopanda hapaswi kucheza na malengelenge.

Masika likiingia, mwezi wa nne na wa tano, kuna siku barabara haipitiki. Siku hizo panda tuktuk, na nyumbani fanya za kiti. Usihesabu kwamba umeshindwa.

Jumapili una Shelly Beach karibu. Maji yakipwa, mchanga ulio karibu na maji huwa mgumu na sawa, ni rafiki wa goti kuliko lami. Ule mkavu wa juu unazamisha mguu, unachosha mara mbili, na goti lako bado halijawa tayari kwa huo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yetu hupwa sana kama saa nne asubuhi. Ukienda saa mbili mnatembea huku maji yanashuka na jua bado si kali. Watoto watakimbia, nawe utafuata.

Hatua elfu kumi si lazima. Nambari hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilitoka Japani miaka ya 1960, jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Ilikaa vizuri mdomoni, ikabaki. Mwaka 2022 watafiti waliunganisha tafiti 15 zenye watu karibu 47,000, wakaona kwamba kwa walio chini ya miaka 60 faida ya kuishi zaidi huongezeka hadi kwenye hatua 8,000 au 10,000, na kwa waliovuka 60 hadi 6,000 au 8,000, kisha haiongezeki sana. Aliye kwenye 3,000 akienda 5,000 anafaidika kuliko aliye kwenye 9,000 akienda 11,000. Kile kipande chako cha Nyerere Avenue ni kama hatua 2,800 kwenda. Simu yako inaweza kuhesabu, lakini ikikutia wasiwasi izime.

Ramadhani ikifika, hamisha, usifute. Mchana tembea kwa kiasi tu, zile dakika za nguvu ziache. Baada ya futari na swala ya magharibi, subiri kidogo, kisha tembea kwenda taraweh kwa miguu badala ya kupelekwa, na uchague msikiti ulio mbali kidogo ukiwa na wa kwenda naye. Kwa sasa huna dawa, kwa hivyo huna hatari ya sukari kushuka ghafla. Ikitokea baadaye ukaandikiwa dawa za sukari, muulize daktari kabla ya kufunga, hasa zikiwa za kundi la glibenclamide au sindano za insulini.

Kuna hali ambazo zikikupata ukiwa njiani, simama na utafute hospitali mara moja: kifua kubanwa, maumivu kupanda shingoni, taya au mkono, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au pumzi isiyorudi ukishapumzika. Ukipima presha ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yangoje mpaka umuone daktari.

Rudi kupima baada ya miezi mitatu. Omba kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, hakidanganywi na chakula cha jana. Nenda na karatasi ya msikitini uwaonyeshe. Usishangae uzito usiposhuka. Kutembea peke yake hushusha uzito kidogo sana, kazi hiyo ni ya sahani. Presha na sukari zinaweza kushuka huku mizani imesimama pale pale.

Na mashine ya kukimbilia? Mshukuru, lakini asinunue. Nimeingia nyumba nyingi za wagonjwa hapa mjini, na mashine hizo nazikuta zimeanikwa taulo na sare za shule. Zinakula umeme, zinakula nafasi, na mtu aliyerudi nyumbani saa moja usiku hapandi juu yake zaidi ya wiki mbili. Pesa hizo anunue raba nzuri jozi mbili, saizi yako na saizi yake, na koti la mvua. Zikibaki, alipie hicho kipimo cha HbA1c, naye apimwe siku hiyo hiyo.